Ukurasa wa Mwisho Niliuwashia Moto

Mimi nilisoma miaka miwili tu, na ule wa pili haukuisha. Kwa hiyo nilipoona karatasi imelegea ndani ya kitabu, niliona karatasi. Ilikuwa miaka ya vita. Tulikuwa tumekimbia kijiji chetu cha Burungu, tunakaa kambini Kitshanga, mvua haikatiki, makala ya kupikia yamelowa. Niliichomoa, nikawashia jiko letu la mbabula, nikapika maharagi.

Mjukuu wangu akarudi kutoka kuchota maji, akafungua kitabu, akapiga kelele.

"Koko! Ukurasa wa mwisho iko wapi?"

"Chini ya sufuria. Hukuwa umeusoma?"

"Sikuwa nimeufikia!"

Darasa zima lilikuwa na kitabu kimoja, kinazunguka. Kesho yake ilikuwa zamu yake kusimama mbele ya mwalimu na kueleza hadithi yote: wahusika, mahali, fundisho. Akishindwa, hapandi darasa. Alilia mpaka nikachoka.

"Funga mudomo, fungua kitabu. Soma, nasikiliza."

Mtu mmoja anasafiri, anamwachia jirani ng'ombe wake. Anaporudi, jirani anamwonyesha ngozi kavu: ng'ombe amekufa siku nyingi. Hapo njo moto ulipokula hadithi.

"Basi amekufa," mtoto akasema.

"Nani amesema? Kitabu ao jirani?"

Akatazama. "Jirani."

"Aah! Siku moja kijiji chote tulikimbia, sababu ya muntu aliyelia 'wamefika!' Waliofika walikuwa wauza vitunguu. Tangu siku ile nauliza kila mtu: uliona, ao ulisikia? Rudi nyuma. Polepole! Usisome kama mbuzi anayekula nguo kwenye kamba."

Akarudi. Tukafika mahali msafiri anaingia kijijini asubuhi, anapishana na watoto wa jirani wenye povu la maziwa midomoni.

"Simama. Huyu jirani alikuwa na ng'ombe wake?"

"Hapana. Kitabu kinasema alikuwa na kuku tu."

"Kuku anakamuliwa tangu lini?"

Akacheka, machozi bado yanamtoka. "Koko, mwalimu anaita hiyo kidokezo! Mwandishi anakiacha njiani, wewe unabashiri kinachokuja."

"Sisi tunaita macho."

Tukamalizia wenyewe: ngozi ilinunuliwa sokoni, ng'ombe iko mzima, amefichwa kilima cha pili, mwenyewe anamwita, anaitika, jirani anafukuzwa kijijini. Hapo pa kumfukuza niliweka mimi, na sikukubali kubishana.

Kesho yake nilimfuata, nikasimama mlangoni pa darasa. Akaeleza vizuri. Mwalimu akakunja uso.

"Ng'ombe, sawa. Mwisho, hapana. Ule ukurasa uliusoma kweli?"

Mtoto akatazama mlangoni. Nikaingia.

"Niliuchoma mimi, Papa Mwalimu. Kwa maharagi."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Mwalimu akamgeukia mjukuu wangu. "Sasa ulijuaje kama ng'ombe iko mzima?"

Akafungua kitabu, akaweka kidole pale penye povu la maziwa. Mwalimu akasoma mstari ule mara mbili.

"Umepita," akasema. "Lakini wewe, Mama, kaa kwenye benchi. Huo ukurasa naukumbuka kichwani. Mimi nitasema, wewe utaandika."

Nikakaa katikati ya watoto, magoti juu kama panzi. Herufi zangu kubwa kama maboga zikajaza karatasi mbele na nyuma. Kumbe mwenye ng'ombe anamsamehe jirani, tena wanagawana maziwa! Mwalimu akapita nyuma yangu, akasimama.

"Mama, nilisema 'akamsamehe'. Umeandika 'akamfukuza'."

"Nilibashiri."

"Futa."

Nikafuta. Lakini sikufuta sana.