Maua ya Nyuma ya Jiko

Nyumba za walimu kule Beni, mashariki ya Kongo, zilikuwa nne, zimezunguka uwanja mmoja, na katikati ya uwanja kulikuwa na tuta la maua ambalo kila mtu alilisifia na mtu mmoja tu alilipalilia. Huyo alikuwa mke wa mwalimu wa hesabu, jirani yetu. Wote wawili walitoka Bandundu, magharibi kabisa ya nchi. Kazi ya serikali ndiyo iliyowaleta. Maua ya bustani za wakubwa hakuyataka. Alikwenda mpaka mtoni, upande wa Mabalako, akarudi na kikapu cha maua ya pori, mekundu, ya mviringo kama ngumi ya mtoto. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano. Nilimchotea maji, naye akanilipa karanga.

Maua yale yalikuwa na tabia yake. Kiangazi kikija, majani yananyauka na kupotea, udongo unabaki mtupu. Mvua ikirudi, yanachomoza tena. Likizo kubwa ilipoanza, jirani yetu huyo akapata habari kwamba mama yake amefariki Kinshasa. Kabla ya kwenda kupanda ndege aliniita.

"Usichimbe hapa," akaniambia. "Maua haikufa, iko nalala tu. Mvua ya mwezi wa tisa itayiamusha, na miye pia nitakuwa nimerudia."

"Ndiyo, mama."

Mwezi wa nane vita vya pili vikaanza, nchi ikakatika vipande viwili. Yeye akabaki upande ule, sisi na mume wake upande huu, na barua hazikupita.

Mashamba yetu yalikuwa mbali na njiani kulikuwa na watu wenye bunduki. Shule zilipofunguliwa, mama akanipa jembe, akasema tupande lengalenga, mchicha wetu, kwenye tuta la uwanjani. Sitasema sikujua. Nilijua. Jembe lilipofukua vile vichwa vinavyofanana na vitunguu, nilijiambia vimeoza, ingawa vilikuwa vigumu mkononi. Nilikuwa nimechoka kuchekwa na wenzangu kwamba namwagilia udongo mtupu. Nikavitupa nyuma ya jiko, penye takataka za migomba.

Mwalimu aliporudi kutoka shuleni, alisimama akaangalia mistari yetu. Nilingoja anigombeze.

"Hapana mbaya," akamwambia mama. "Batoto banapashwa kula. Lakini maua ya muke yangu itapita katikati."

Mvua ikanyesha. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kufundisha, kazi isiyolipwa tena, alichuchumaa kwenye tuta, akatenganisha majani ya lengalenga kwa vidole, taratibu, akitafuta chekundu. Akikosa, alijifuta mikono na kwenda zake. Mimi nilikuwa mlangoni nikifagia. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, kwa sababu hakuacha.

Maua yalichomoza. Yalichomoza nyuma ya jiko, palepale nilipoyatupa, mekundu kuliko zamani. Wanaume hawakufika huko, palikuwa mahali petu wanawake pa kuogea. Ningemshika mkono tu, hatua thelathini, nikamwonyesha. Lakini ningelazimika kusema ni nani aliyeyatupa. Nikayafunika kwa majani makavu ya migomba, na yenyewe yakapenya.

Ilikuwa hivyo misimu mitatu. Katika msimu wa tatu homa ilimshika, na dawa hazikuwapo. Siku ya mwisho kumwona amesimama, alikuwa anatoka kwenye tuta, magoti yana udongo.

Ndege ziliporudi, mke wake akaja. Alikuwa amekonda na hakulia mbele yetu. Alikaa kwetu akanywa chai, akauliza kaburi liko wapi, kisha akauliza maua. Nikampeleka nyuma ya jiko. Mvua ilikuwa imeshaanza, na pale pote palikuwa pekundu.

"Muliyihamisha?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na yeye, alikuwa nakuya kuyiangalia?"

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Aliniangalia, kisha akainamisha macho. Nilimwona mwalimu amechuchumaa, vidole vyake kwenye lengalenga.

"Kila asubuhi," nikasema.

Hapo ndipo alipolia. Akanishika mikono yote miwili, akasema Mungu anibariki, basi mume wake hakungoja bure. Nami nikamwacha anishukuru.