Jino Liking'oka Utafanyaje? Winfrida Awauliza Watu wa Kibirizi

Asubuhi Kibirizi, mwaloni mwa Ziwa Tanganyika mjini Kigoma, boti za dagaa zimeshafika na kina mama wanamwaga mzigo kwenye vichanja. Winfrida Castory anaingia katikati yao, anawasalimia kwa Kiha, anaanza kuanika nao. Hana haraka. Maongezi yakishanoga, anatoa jino la plastiki na kumkabidhi mpagazi aliye karibu.

"Kaka, hili limeng'oka sasa hivi, la mtu mzima. Nionyeshe unalifanyaje."

Mpagazi analisugua kwa mchanga kwa nguvu zake zote.

"Umeshaliua hilo!" Winfrida anamwambia, na kina mama wanaangua kicheko.

Winfrida, mwenye miaka 41, ni mhudumu wa kliniki moja ya meno Gungu. Mwaka jana kliniki ilitaka kupima wananchi wanajua nini kuhusu ajali za meno na huduma ya kwanza, ikamtuma yeye. Mwanzoni aliuliza kwa mdomo tu, akaambulia majibu matamu.

"Kila mtu, 'Nakwenda hospitali, dada.' Watu wetu wana adabu, hawataki kukuudhi," anasema. "Nikaona hapa nadanganywa kistaarabu. Nikaanza kuwapa jino mkononi."

Mikono haikujua kuficha. Katika kila watu kumi, wawili tu walipatia. Wengine walisugua, wengine walilifunga kwenye karatasi likauke, na wengi walifanya walivyolelewa: walilirusha juu ya bati, kama mtoto anayeomba jino jipya. Usicheke, msomaji, huenda nawe ungelirusha.

Mmoja wao alikuwa Mwamvua Kasongo, mchuuzi wa dagaa. Winfrida alimweleza palepale. Jino la utoto halirudishwi. La ukubwani hushikwa kichwani, si kwenye mzizi, husuuzwa kidogo, hurudishwa kwenye tundu lake au hutiwa kwenye maziwa, kisha mbio kwa daktari kabla saa moja haijapita.

"Nilimwona ana maneno mengi tu," Mwamvua anakiri.

Wiki chache baadaye, binti yake Angela, wa miaka kumi na mitatu, aliteleza kwenye mawe ya ufukweni. Jino la mbele likatoka zima. Mwamvua alipofika, bibi yake Angela alikuwa ameshalirusha batini.

"Nilipanda mwenyewe na kanga zangu, majirani wanadhani nimepagawa," anasema. "Nikalipata. Nikalitia kwenye kikombe cha maziwa, nikamwambia wa bodaboda, 'Gungu, na usisimame popote!'"

Winfrida ndiye aliyewapokea. Daktari alilirudisha jino, akalifunga na wenzake kwa waya, bila kuahidi kitu.

"Nilikosa raha kabisa," Winfrida anasema. "Likikataa, Kibirizi nzima itasema yule mama wa meno ni muongo. Nani angenisikiliza tena?"

Lilishika. Waya ulipotolewa, daktari alilisukuma kwa kidole, halikucheza. Winfrida alitoka nje akalia kwa furaha. Siku hizi Mwamvua huwaita wateja wake walitazame jino la Angela: "Njooni mwone, hili lilikuwa juu ya bati!"

Winfrida aliporudi kupima tena, saba katika kila kumi walipatia. Anaitaja hesabu hiyo kifua mbele, na ana haki. Sasa anajiandaa kwenda Ujiji, kisha vijiji vya mwambao.

"Natamani nishuke kijiji nisichowahi kukanyaga, nikute wameshafundishana wenyewe," anasema. "Hapo sitafundisha kitu. Nitaomba samaki, mgebuka wa kuchoma, nile, nirudi zangu nyumbani."