Mfuko wa Kulia wa Kishada

Fundi hakuwa na muda na mashujaa. Alikuwa na cherehani mbili, moja nzima na moja ya kuombewa dua, na rundo la sare za shule lililofika usawa wa dirisha. Basi Mwalimu wa hesabu na Nesi walipoingia Jumatatu asubuhi wakitaka washonewe nguo nyekundu za kubana, watu wazima na akili zao, alivua miwani kwanza akawatazama vizuri.

"Za nini?"

"Za sinema, Mama," Nesi akasema. "Jumamosi mchana inaonyeshwa Kishada ya nne. Mashabiki wote tunakwenda tumevaa kama yeye."

"Kishada ndiye yule anayeruka angani?"

"Kumbe unamjua!"

"Nasikia watu wakisema," Fundi akajibu, akainamia utepe wa kupimia.

Nasikia watu wakisema! Loo, uongo mwingine hauna hata haya. Huyo Kishada Fundi alimjua kabla ya dunia nzima. Miaka kumi na minane nyuma, chumba cha uani kwake alikipanga kijana mwembamba ambaye mtaa wote ulimwita Kamera, kwa sababu aliishi na kamera ya kuazima shingoni. Siku moja kijana alikuja na pazia jekundu akaomba ashonewe nguo ya shujaa, apige filamu ya Kishada juu ya paa, aigize mwenyewe. Fundi alimshonea bure, katikati ya sare kumi na mbili za watu, macho yakimwuma. Kamera akaipokea, akaigeuza, akasema kwa adabu zake zote, "Mama, mfuko umekaa upande sio."

Weee! Kusahihishwa Fundi hapendi mpaka leo. Alimpandishia pale pale. "Shujaa wa mapazia naye anachagua mfuko? Kwa upuuzi huu hutafika popote, nakwambia, popote!" Kamera alikunja nguo yake, akatoka, na wiki ile ile akahama. Siku hiyo hiyo ikapotea kastabini ya Fundi, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano, ambayo aliachiwa na marehemu mama yake. Fundi hakumung'unya maneno. Alitangaza mtaa mzima kwamba Kamera ni mwizi.

Tangu hapo hakuwahi kuangalia filamu ya Kamera hata moja. Akiulizwa husema macho yanamsumbua. Kinachomsumbua ni lile neno "popote", ambalo akilikumbuka huona aibu hata akiwa peke yake.

Sasa hawa wawili wamesimama mikono juu wakipimwa, na midomo haitulii.

"Mimi nasema Kishada wenu alikwisha baada ya filamu ya pili," Mwalimu akasema. "Ile ya kwanza, ya kule juu ya paa, ilikuwa na roho. Ya pili ikapata tuzo. Ya tatu je? Ikadoda! Akaenda kupiga matangazo ya sabuni miaka sita."

"Ya tatu hamkuielewa," Nesi akamrukia. "Wewe ulisinzia, nilikuwa kando yako, ulikoroma."

"Nilikoroma kwa sababu ilinipa ruhusa."

"Geuka," Fundi akasema. "Na ukizidi kucheka, kiuno kitatoka kikubwa."

Nesi akatoa simu, akamwonyesha picha ya Kishada. "Angalia hapa usije ukakosea. Mfuko wa kifuani uko kulia. Si kushoto kama nguo za watu."

Fundi akageuka upesi kutafuta mkasi, ambao ulikuwa mkononi mwake.

"Kwa nini kulia?" akauliza akiwa amewapa mgongo.

Ohoo, aliwasha moto. Mwalimu akaeleza kwamba moyo uko kushoto, kwa hiyo shujaa anauachia nafasi. Nesi akasema hapana, ni ishara kwamba dunia imepinduka. Na ndani ya mfuko, wakaongeza, Kishada huweka kichuma fulani anachokizungusha kabla ya kupigana. Mwalimu anaamini ni ganda la risasi. Nesi anaapa ni ncha ya mkuki wa babu yake.

"Mwenyewe kasema nini?" Fundi akauliza.

"Aliulizwa redioni mwezi uliopita," Mwalimu akasema. "Akajibu hivi: 'Mtu wa kwanza kumshonea Kishada aliniambia sitafika popote. Sijamsahau hata siku moja.' Basi. Hakuongeza."

"Kinyongo hicho," Mwalimu akahukumu.

"Shukrani hiyo," Nesi akapinga.

Jioni hiyo Fundi alimfokea kila mteja.

Alhamisi nguo zilikuwa zinakaribia kwisha. Fundi ana desturi moja: mfuko wowote akiumaliza huutumbukizia kastabini yake, aone kama mfuko unashika au unamwaga. Akatia kastabini mpya kwenye mfuko wa Nesi, wa kulia, akautikisa. Hapo ikamrudia siku ile ya ugomvi. Alimwona Kamera mlangoni, akaiona nguo ya pazia mezani, na akajiona yeye mwenyewe akitia kastabini ya mama yake kwenye mfuko ule wa upande sio, na kabla hajaitoa, kijana anaingia na ugomvi unaanza. Kamera hakuiba kitu. Aliitia yeye kwa mkono wake, kisha akamwita mwizi mbele ya mtaa mzima.

"Masikini mtoto wa watu!" akasema kwa sauti, na sare zote zikamsikia.

Jumamosi aliwaambia anakwenda nao kuangalia kama mishono inahimili. Alikaa katikati yao, mkoba mapajani, moyo unamwenda mbio kuliko wa mgonjwa wa Nesi. Nusu ya filamu aliangalia kupitia vidole. Kila Kishada alipopeleka mkono kifuani, Fundi alisema kimoyomoyo, sasa anayasema, sasa ananiumbua.

Mwishoni adui alimbana Kishada ukingoni mwa paa, akamtolea kile kichuma mfukoni. Kikajaa kioo kizima. Ilikuwa kastabini ya marehemu mama yake Fundi, yenye kibonyeo pembeni alichokiacha yeye kwa jino akiwa binti mdogo.

"Silaha gani hii?" adui akauliza.

"Si silaha, wala si yangu," Kishada akasema. "Ni ya mama aliyenishonea nguo hii. Kila mwaka nataka kuirudisha, na kila mwaka naona haya, nimechelewa mno."

Fundi alikuwa ameshasimama.

"Kaa nayo, mwanangu!" akapaza sauti. "Kaa nayo, mimi ninayo nyingine!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwalimu akamvuta kwa mkono wa gauni. "Mama, keti, tafadhali. Hii ni filamu tu."

"Najua ni filamu," Fundi akasema, machozi yakimtiririka bila kificho. Akakigusa kifua cha Mwalimu, upande wa kulia. "Ila huo mfuko nilikosea mimi."