Siku Nilipopiga Kelele "Ndege!"

Ni mimi niliyepiga kelele siku ile mlimani. Nimelikana jambo hili mbele ya mama yangu, mbele ya padri, na hata mbele ya mume wangu, ambaye hakuwa ameniuliza. Chuo kikuu kilinisaidia tu kulikana kwa sentensi ndefu zaidi.

Ninyi mliokulia kambini Kasese enzi zetu mtanielewa. Baba zetu walikuwa askari kutoka kila pembe ya Uganda, na Kiswahili tulikigawana kama chumvi, kila nyumba ikikitia kwa kipimo chake. Nyumba zenyewe zilikuwa za mabati, zikitutokosa mchana kutwa. Tulikula posho, ugali wetu wa kambini, na maharage, na Jumapili maharage na posho. Mchezo wetu mkubwa uliitwa Ndege. Mmoja alipiga kelele "Ndege!" nasi tukajitupa kifudifudi, mikono kichwani, kama baba zetu walivyofundishwa kujikinga na ndege za kivita. Aliyechelewa kulala alihesabiwa amekufa, na maiti ndiye aliyekwenda kuchota maji. Watoto wa leo wanakufa mara mia kwa siku ndani ya simu, na hakuna hata mmoja anayechota maji.

Likizo moja Masika alikuja kukaa kwetu. Mama yake, Mkongomani wa Butembo, aliuza vitenge mpakani Bwera, na mama yangu alikuwa mteja wake wa kudumu. Masika alikuwa na miaka kumi kama mimi, ila yeye alijua kupika sombe ya majani ya muhogo, kusuka nywele na kunyamaza. Mimi sikujua hata kimoja.

Baba akaamua kutupeleka sisi wawili mlimani Bwesumbu, kwa rafiki yake mkulima, Mzee Baluku, tukamwone kulukulu, yule ndege mkubwa wa mabawa mekundu. Baba alivaa shati jeupe la Jumapili na kuning'iniza darubini shingoni. Tulipanda asubuhi mapema kati ya mibuni na migomba, umande ukitulowesha magoti. Kila kona Mzee Baluku alitusimamisha tutazame: chini, Ziwa George likimeta kama bati jipya, juu, theluji ikichungulia na kurudi winguni kama mama mkwe dirishani. Masika ndiye aliyewaona ndege wa kwanza kila mara. Hakusema neno, alituonyesha kwa midomo tu.

"Huyu ana macho ya askari," baba akasema.

Mimi hakuwahi kuniambia hivyo. Nilipanda sehemu iliyobaki nikiwa nimevimba kama andazi.

Tulipofika msituni, baba akaamuru, "Sasa kimya. Mtu asikohoe." Tukachuchumaa. Muda ukapita, sisimizi wakanipanda mguuni, nikavumilia. Kisha tawi likatikisika nikamwona, kijani kibichi, akakimbia juu ya tawi kama mtu aliyesahau sufuria jikoni, akafungua mabawa, na wekundu ukamwagika. Nilikuwa nimemwona kabla ya Masika! Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Ndege!"

Baba hakutazama juu. Alimkumba Masika, aliyekuwa karibu naye, akaanguka naye kwenye tope na kumfunika kwa mwili wake wote. Kulukulu akaenda zake. Mzee Baluku alishika mti ili asianguke kwa kicheko.

"Afande, ndege hii haina bomu!"

Baba akainuka, shati limekuwa la udongo. Akaifuta darubini tope, hakucheka.

"Nani amepiga kelele?"

Nikanyoosha kidole. "Masika."

Masika akanitazama, kisha akatazama chini. "Pardon, papa," akasema.

Nyumbani mama aliuliza tena, fimbo mkononi, nami nikajibu vilevile. Masika hakupigwa. Lakini likizo zilizofuata, baba alipopanda mlima, Masika aliachwa kambini na mama kuchambua maharage. Na kwa miaka yote, kwenye kila sherehe, baba alisimulia habari za "yule mtoto wa Kongo aliyenilaza topeni," na watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa sauti kuliko wote.

Baba alifariki mwaka jana. Matangani, mzee mmoja aliyekuwa askari naye akakisimulia kisa kile. Masika, ambaye sasa ana duka la vitenge Bwera, alikuwa akigawa chai. Alicheka pamoja na wengine, kisha akarudi jikoni na sinia likiwa bado na vikombe vilivyojaa.

Mwezi uliopita niliwapeleka binti zangu mlima uleule. Bodaboda ziliwafikisha karibu mlangoni kwa ndege. Siku hizi watu wanamchezea kulukulu sauti yake kwenye simu ili aje mwenyewe, na akija wanampa mgongo wapate kupiga naye picha. Mdogo akapiga chafya, ndege wote wakatawanyika. "Ni mimi, mama, samahani," akasema huku akicheka, mambo yakaisha. Sisi tulipiga magoti kuwasalimu wakubwa, tulifundishwa kunyamaza, tulijua majina ya ndege. Nayatamani bado yale maisha. Ila maneno hayo mawili ya mwanangu, "ni mimi," mimi na adabu yangu yote, nilikuwa nimeshindwa kuyatamka kwa zaidi ya miaka thelathini.

Jioni ile nikampigia Masika.

"Siku ile Bwesumbu," nikasema, "ni mimi niliyepiga kelele."

"Miye nilijuaka. Nilikuwa pembeni yako, sikio ilikufa siku mbili."

"Kwa nini hukusema?"

"Mama yako alikuwa na fimbo. Weye wangekupiga. Mugeni hawamupigake."

Nikaanza kuomba msamaha, kwa sentensi ndefu. Akanikatiza.

"Fimbo sikuipata, sawa. Lakini mulima mulininyima. Ile iliniuma, dada, mpaka leo inaniuma." Nikamsikia akivuta pumzi. "Jumamosi duka naifunga. Utapita kunichukua saa ngapi?"