Dirisha la Kina Malatorre

Nazzarena ngazi zimemla ujana, na uzee pia zimeanza kuumega. Tangu aolewe na mtunza funguo wa kina Malatorre, kazi yake imekuwa kupanda na kushuka katika jumba lile lenye simba wa mawe juu ya mlango, simba aliyelika na mvua hata watalii humdhania mbwa. Mumewe akafa. Kina Malatorre wenyewe walishahamia Milano, huku wamebaki majina tu kwenye makaburi ya kanisani. Funguo zikabaki kwake.

Mji wetu wa Roccafosca una desturi yake. Siku ya Mtakatifu Emidio sanamu yake hubebwa mabegani, na ikifika mbele ya jumba la Malatorre huinamishwa mara tatu, kwa kuwa ukoo huo ndio uliojenga kanisa. Lakini sharti dirisha la juu kabisa liwe wazi, na mtu awepo pale kupokea heshima. Likikutwa limefungwa, basi ukoo umekwisha, na mtakatifu hawainamii tena. Ndivyo walivyokwisha kina Brancaspada wa karibu na soko, na mpaka leo watu wanawacheka, ingawa walishakuwa udongo.

Basi kila mwaka Nazzarena alipanda, akafungua dirisha, akasimama nyuma ya pazia, mjane wa mtunza funguo akiinamiwa na mtakatifu.

Mwaka huu nyonga ikakataa. Binti yake anayekaa bondeni amemwandalia chumba cha chini, kisicho na ngazi hata moja. Nazzarena anakitaka kweli. Kinachomzuia ni lile dirisha.

"Nikiondoka, nitakuwa mimi niliyewamaliza," aliniambia siku moja, tukimenya maharage mlangoni pangu.

"Dada, walishakwisha zamani. Wewe unalinda mzoga."

"Siwaogopi hao. Nawaogopa wabebaji. Watanitazama kwa jicho gani? Mumeo Ottorino anajivunia ile kuinama."

Ottorino ndiye kiongozi wa wabebaji, na mimi ndiye ninayemkanda bega sikukuu ikipita. Bega lake nalijua. Ya moyoni sikuwa na hakika nayo.

Siku ilipofika alijaribu. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi za chini, funguo mapajani, machozi yanamtoka.

"Siwezi," akasema. "Nimechoka, basi."

Nikaketi karibu naye. Nje bendi ilikaribia, kisha ikanyamaza, tukawasikia wabebaji wakihema nyuma ya mlango.

"Limefungwa?" mmoja akauliza.

"Limefungwa."

"Hebu tazama vizuri."

"Limefungwa, nakwambia. Huna macho?"

Nazzarena akanishika mkono, akafumba macho akingoja aibu yake. Ndipo nikaisikia sauti ya mume wangu.

"Ashukuriwe Mungu. Twendeni, kabla halijafunguliwa. Polepole hapo kulia."

Mtu akacheka, kisha wengine wakacheka.

"Bi Nazzarena atahuzunika, lakini," akasema mwingine.

"Na atusamehe. Miaka yote hii tunavunjika migongo kwa ajili yake. Nani angethubutu kumwambia yule mama kwamba tumechoka?" Ottorino akajibu.

Bendi ikaanza tena. Nazzarena alikaa akiisikiliza mpaka ikakata kona.

"Kwa ajili yangu," akasema.

"Ndivyo alivyosema."

"Si angekuja kuniambia." Akajipapasa nyonga. "Leo ningekuwa natembea."