Kapsuli Mbili za Kwenye Kopo

Siku ile tulikuwa watu watano uwanjani. Mimi, mdogo wangu wa kike anayenifuata, ambaye ndiye anayeshika nyumba nikiwa kazini, kitindamimba wetu wa miaka mitano, ambaye ndiye alikuwa mgonjwa, tonton, mdogo wa baba, aliyefika juzi yake kutoka Opala na gunia la mpunga, na mama jirani, tunayekaa naye paseli moja, yaani kiwanja kimoja, mtoto wake mchanga mgongoni. Nikimhesabu huyo mchanga tunakuwa sita. Lazima nimhesabu, kwa sababu habari hii inaishia kwake.

Kitindamimba alikuwa anakohoa kwa siku ya tatu. Kamasi, macho mekundu, shingo ya moto ukiigusa. Mimi ninaendesha toleka, baiskeli ya kubeba abiria, kazi niliyoianza nilipoacha shule mwaka wa pili wa sekondari. Pumzi ndiyo mtaji wangu. Najua pumzi yangu ya mlimani na ya tambarare, lakini pumzi ya mtoto yule sikuweza kuisoma.

“Siku tatu mutoto anakohoa, na weye unamuangalia kama televizio,” alisema mama jirani. “Kopo iko pale. Kuja kukamata dawa.”

“Dawa ya nini?” tonton alidakia. “Ni mafua. Chemsha mchaichai, umufunike na kitambaa ya liputa, apumue ule moshi. Siye tulikomaa bila kapsuli hata moja.”

“Ndiyo maana meno imebakia ine tu, tonton.”

Mdogo wangu alicheka, na tonton mwenyewe akacheka, huku ameziba mdomo. Halafu mama jirani akasema polepole, “Mama yao naye alisema ni mafua.”

Tonton akashusha mkono mdomoni.

Ni kweli. Mama alisema itapita. Tukamchemshia majani, tukangoja, na wiki ya pili ilipokwisha tukawa hatuna mama. Lakini baba, aliyemtangulia, alimeza kila kilichouzwa katika maduka ya dawa, vya rangi moja na vya rangi mbili, naye kifua kikamwondoa vilevile. Kwa hiyo nilipotafuta mfano nyumbani kwetu, nilipata miwili, na kila mmoja ulinifukuzia kwa mwenzake.

Lile kopo nilieleze. Ni kopo la maziwa ya unga linalokaa kwa mama jirani, na ndani yake watu wa paseli yetu huweka dawa zilizobaki: mtu akipona kabla vidonge havijaisha, vinavyobaki haviendi jalalani, vinaingia kopo. Anayeugua anakopa, na siku akipata anarudisha. Tunavikopa kama chumvi. Tulikuwa tukiona huo ndio ujirani mwema, na sehemu yangu moja bado inaona hivyo.

Siku ile ndani ya kopo zilikuwamo kapsuli kumi, nyekundu kwa njano, zilizobaki mume wa mama jirani alipotibiwa jino. Tarehe ya kuharibika ilikuwa kwenye kipande cha karatasi ya bati kilichokwisha kukatwa. Nikazichukua zote kumi. Mama jirani alinionyesha: unafungua kapsuli, unamwaga nusu ya unga kwenye kijiko cha sukari asubuhi, nusu jioni. Tonton hakugomba. Alichemsha mchaichai wake, na mtoto akapata vyote viwili, moshi na unga, kwa sababu mimi sikuwa na uhakika na chochote.

Siku mbili zilipita hivyo, kapsuli mbili. Homa ilishuka kidogo, kikohozi kikazidi. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Je, dawa inafanya kazi, au haifanyi? Nikamweka mtoto kwenye kiti cha nyuma, mdogo wangu akitembea kando akimshika mgongo, tukaenda kituo cha afya.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, hana haraka. Hakuweka hata chombo kifuani kwanza. Alimpandisha mtoto shati, akatazama saa yake, akahesabu kifua kinavyopanda na kushuka kwa dakika nzima.

“Anakunywa?”

“Anakunywa, mama.”

“Anacheza?”

“Leo asubuhi alimupiga kuku ya watu.”

“Bon. Mulimupa dawa gani?”

Nikasema, “Hakuna.” Sijui kwa nini. Niliogopa kugombezwa mbele ya watu. Mdogo wangu alitazama chini.

“Basi hii ni mafua tu,” alisema muuguzi. “Kapsuli haiue mafua. Mwili yake itaiondosha yenyewe. Mupe kunywa sana, apumuzike. Lakini mbavu ikianza kuingia ndani, ao akipumua mbio, ao akikataa kunywa, usingoje. Unaleta pale pale.”

Mwili utaiondoa wenyewe. Maneno yaleyale ya mama, ila sasa yametoka kwa mtu aliyesoma.

Nyumbani, mama jirani alipiga makofi. “Umeanza, maliza! Hata kwenye redio banasemaka: dawa ukianza, unamaliza.” Na kweli, niliwahi kuyasikia hayo. Wenye elimu walisema maliza, na mwenye elimu alisema usipe. Katikati nilikuwa mimi na kapsuli nane na uongo mmoja.

Kesho yake nilimwacha abiria sokoni, nikageuza baiskeli, nikarudi kwa muuguzi peke yangu. Nikamwambia ukweli.

Hakunigombeza. Alinitazama tu, kama mtu anayetafuta aanzie wapi. “Ile ya kumaliza,” alisema, “ni ile muganga amekuandikia. Hii nani alikuandikia? Kopo?” Akaniambia niache. Halafu akanifundisha kuhesabu, na idadi ambayo ikizidi nimlete: mtoto akiwa ametulia, hajalia, dakika nzima kwa saa ya simu, nitazame na mbavu zake. “Sasa weye ndiyo muganga wa nyumba.”

Nikahesabu asubuhi, nikahesabu mchana, nikahesabu jioni. Tonton alisema namtazama mtoto kama mtu anayengoja samaki aingie mtegoni. Mara nyingine nilipotea, nikaanza upya, na mtoto akaniuliza, “Yaya,” ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, “nimefika ngapi?”

Siku ya nane tangu aanze kukohoa aliomba lituma, ndizi za kuponda, akala na kulamba sahani. Mama jirani anasema zilimponya kapsuli mbili. Tonton alirudi Opala akijua ni mchaichai. Muuguzi atasema ni mwili wenyewe, na nadhani yeye ndiye aliye karibu na kweli. Ila nikimkumbuka mama yangu siwezi kulisema hilo kwa sauti, wala sijui mama angehesabiwa pumzi ingekuwaje.

Kapsuli nane nilizirudisha. Mama jirani alizihesabu kiganjani.

“Na mbili yangu?”

“Nitaleta, mama.”

Desturi ya kopo ni hiyo: ulichokitoa unakijaza. Nimepita duka la dawa mara nyingi. Muuzaji hukata hata moja ukitaka. Ninashuka kwenye baiskeli, ninasimama, ninapanda tena. Nikizinunua zitaingia kopo, na kutoka kopo zitaingia kwenye kijiko cha mtoto fulani. Nisipozinunua, mimi ni mtu asiyerudisha, na mama huyu ndiye aliyetupikia siku zote za matanga.

Wiki hii mtoto wake mchanga ameanza kukohoa. Jana asubuhi mama jirani aliniita kabla sijatoka: “Yaya ya toleka, mbili yangu!”

“Panda kwanza, mama. Tupeleke mutoto, bahesabu pumzi yake. Silipishi kitu.”

“Kubebwa ni kubebwa. Kapsuli ni kapsuli.”

Lakini alipanda. Muuguzi alihesabu, akasema mafua, akamrudisha na maneno yaleyale. Tukaanza kurudi nyumbani. Nilisikia kikohozi kidogo cha mtoto nyuma yangu, nami nikajikuta nakihesabu. Tulipofika uwanjani alishuka, akakaza liputa yake.

“Mbili yangu iko bado.”

“Iko bado, mama,” nikamjibu.