Kondo Moja, Watoto Wawili

Nilipokuwa nasomea ukunga, enzi za Mwingereza, tulikuwa wasichana saba Waafrika katika darasa letu. Mwalimu wetu alikuwa muuguzi mkuu wa Kizungu tuliyemwita Sista. Siku tulipofika sura ya mwanzo wa mimba, alizishika kurasa kama kumi kwa pamoja na kuzipindua.

"Hizi tunaziruka," akasema. "Nyinyi mjue kunawa mikono na kukata kitovu. Mambo ya seli hayatawafaa huko kwenu."

Huko kwetu! Kana kwamba Temeke watu huota kama uyoga.

Kitabu kilikuwa kimoja tu, kabatini, na kufuta vumbi la kabati hilo ilikuwa zamu yangu ya Jumamosi. Basi kila Jumamosi nikawa nafuta kwa mkono mmoja na kusoma kwa mwingine, nikiwa nimesimama, kamusi ndogo mfukoni mwa aproni. Nilikwenda polepole, lakini nilielewa. Kwamba mwili mzima umejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, ndivyo seli. Kwamba seli hukua, kisha hujigawa, lakini kwanza kile kiini chake hunakili urithi wote, ili kila upande uondoke na fungu kamili. Kwamba sote tulianza na seli moja, ikawa mbili, mbili zikawa nne, nne zikawa nane. Na kwamba mara chache fungu hilo changa la seli hutengana, kila nusu ikaendelea kukua peke yake, wakazaliwa pacha wanaofanana.

Jumapili moja nilikuwa nyumbani Temeke kwa ruhusa. Asubuhi jirani yetu, mke wa karani mmoja aliyetoka bara, akashikwa na uchungu ghafla. Hakukuwa na muda wa kumfikisha hospitali. Mimi na mama yangu tukamzalisha pale pale chumbani kwake: mtoto wa kiume, na baada ya robo saa mwingine, wamefanana kama punje za mchele. Nikapokea kondo la nyuma, nikalikagua kama tulivyofundishwa, nikampa mama mkwe wa mzazi, aliyekuwa amekuja kumhudumia, akalizike nyuma ya nyumba.

Alasiri nilirudi kumtazama mzazi. Nikamkuta analia. Mama mkwe amesimama mlangoni, na mwanawe ameinamisha kichwa.

"Shikamoo mama," nikasema.

Hakuitikia. "Mwanangu ni mmoja," akaniambia. "Mwanamume mmoja huleta mtoto mmoja. Huyu wa pili ni wa nani? Arudi kwao na mwana haramu wake."

Mwanamke yule hajaweza hata kukaa vizuri, damu bado inamtoka, na anaambiwa arudi kwao!

"Mama, makondo uliyozika yalikuwa mangapi?"

"Moja."

"Lilikuwa na mishipa ya kitovu mingapi?"

"Miwili."

"Basi ni yai moja na baba mmoja. Yai lilijigawa likiwa changa kabisa, likatoa watoto wawili. Wangekuwa na baba wawili, mayai yangekuwa mawili, na wasingefanana hivi."

"Nani kakwambia hayo?"

"Kitabu, mama. Kile kile wanachosoma madaktari wa Kizungu."

Karani akainua uso. Akaniomba nirudie, nami nikarudia taratibu, hadi kile kiini na urithi wake. Kisha akaenda kukaa kitandani karibu na mkewe, akamchukua mtoto wa pili mikononi. Mama mkwe akafunga kanga kiunoni, akatoka nje. Kesho yake alipanda basi kurudi kwake. Mama na mwana hawakusemezana tena vizuri mpaka watoto walipoanza kutembea.

Yule karani, kwa wema wake, akaja hospitali kunishukuru, na akamshukuru Sista vilevile.

"Amenieleza vizuri sana jinsi seli zinavyogawanyika," alimwambia.

Sista alingoja aondoke. "Hilo sikukufundisha."

"Nilisoma, Sista, nikifuta vumbi."

Hakuniuliza kama watoto wako salama, wala kama mama alivuja damu nyingi. Alitaka niandike barua ya kuomba radhi kwa kugusa kitabu nisichoruhusiwa. La sivyo, nifungashe vyangu.

Nilikataa siku mbili. Mama yangu akaja kunisihi. "Andika mwanangu. Wanawake wa huku watazalishwa na nani?"

Nikaandika. Mistari minne, kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja. Sista akaisoma, akaikunja, akaiweka ndani ya kabati lile, akalifunga kwa ufunguo.

Nimezalisha wanawake wengi tangu hapo, na nimesamehe watu wengi, hata yule mama mkwe, maana yeye hakuna aliyewahi kumfunulia ukurasa. Lakini ile mistari minne bado inaniuma. Niliomba radhi kwa kujua.